Kurudi na Kumrudi

Mwaka jana nilikwenda nyumbani Mvumi kwa likizo, na mwanafunzi wangu wa zamani akanishukuru kwa kumchapa viboko.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka, nasubiri gari la kwenda Kilosa mjini. Alikuja na mtoto mchanga mgongoni na mwingine, wa kiume, wa miaka mitatu hivi, akiwa amemshika mkono. "Shikamoo, mwalimu." Niliitikia marahaba kabla sijamtambua, ikabidi ajitambulishe kwa dawati: alikuwa akikaa la mwisho, upande wa dirisha, darasa la sita, mwaka 2013. Tukacheka. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua na za mpunga. Kisha akasema sentensi ambayo imenikaa hadi leo.

"Mimi, mwalimu, ulinirudi nikarudi."

Alimaanisha kwamba wakati fulani alianza kushuka katika hisabati, nikamwadhibu, naye akapanda tena. Alilisema kwa uso mkunjufu, kama mtu anayelipa deni alilokaa nalo muda mrefu. Tatizo ni kwamba mimi nilijua si kweli, na nilijua kwa ushahidi. Daftari la alama za mwaka ule bado ninalo.

Sentensi yake imetumia kitenzi kimoja mara mbili, na ndani ya hizo mara mbili mna karibu kila ninachotaka kusema. Kwa Kiswahili, aliyetoka shamba jioni amerudi. Kitenge kipya kikifuliwa kwa mara ya kwanza kikafupika, kimerudi. Na mtoto aliyemtukana mtu mzima, babu yake akimwita pembeni akamwonya au akamtandika, babu amemrudi. Kurejea, kupungua, kuadibu. Kamusi huzitenganisha maana hizi, lakini mdomoni ni kitenzi kilekile, na msikilizaji huipata maana kwa kuangalia kama kuna mtu anayemrudi mwingine au kuna mtu anayerudi mwenyewe. Ulinirudi: kuna wewe, kuna mimi, kuna fimbo. Nikarudi: nipo mimi tu. Katikati ya maneno hayo mawili kuna kiambishi kidogo, -ka-, ambacho hutuambia kwamba jambo la pili lilifuata la kwanza. Hakituambii kwamba lilisababishwa nalo. Sisi wasikilizaji ndio tunaoongeza hilo.

Mwaka 2013 nililiongeza kila wiki. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita na nasubiri chuo. Shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, ilipungukiwa walimu wa hisabati, nikaombwa kujitolea. Nilikuwa na miaka ishirini. Hali ya hewa ya nchi wakati ule tunaikumbuka: matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalikuwa yametangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata daraja sifuri, na kila mtu alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na shule zikaanza kupangwa kwa nafasi nchi nzima. Hata shule ya kijijini iliyokuwa na vumbi la chaki kuliko vitabu ilijua kwamba inapimwa.

Kila Jumatatu nilitoa jaribio la maswali 20. Watano walioshuka zaidi kuliko wiki iliyopita walipata viboko viwili kila mmoja. Watano waliopanda zaidi walipigiwa makofi. Niliona ni haki tupu, kwa sababu sikuwa nachapa wasiojua, nilikuwa nachapa wanaozembea. Kanuni za nchi zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, na achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mimi sikuwa hata mwajiriwa, na kukosea swali la sehemu si utovu wa nidhamu. Hakuna aliyeniuliza.

Nilichokiona wiki baada ya wiki kilinishangaza kwa jinsi kilivyojirudia. Waliochapwa walipanda Jumatatu iliyofuata, karibu wote. Waliopigiwa makofi walishuka, karibu wote. Kufikia Juni nilikuwa nimeyaacha makofi kabisa. Niliwaambia walimu wenzangu, kwa uhakika wa kijana wa miaka ishirini, kwamba sifa zinawalemaza watoto na fimbo inawaamsha. Mmoja akanijibu kwamba sasa naanza kukomaa.

Neno rigresheni nilikutana nalo mwaka uliofuata, nikiwa SUA pale Morogoro, kwenye somo la takwimu. Mhadhiri hakuanza na fomula. Alituambia kila mmoja atoe sarafu, airushe mara kumi, ahesabu imeangukia upande wa kichwa mara ngapi. Tulikuwa karibu tisini ukumbini. Waliopata vichwa vinane na zaidi aliwasimamisha tukawapigia makofi. Waliopata viwili au pungufu aliwasimamisha pia, akawakaripia kwa sauti kubwa: mmezembea, mmetuaibisha, rusheni tena kwa bidii. Tukarusha tena. Waliokaripiwa wakapanda, karibu wote. Waliopongezwa wakashuka, karibu wote. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka.

Baada ya kicheko akatusimulia habari ya Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyekuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2002. Alipokuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israel kwamba sifa hufundisha kuliko adhabu, mkufunzi mmoja alimpinga kwa uzoefu: kila nikimsifu kijana aliyerusha ndege vizuri, safari inayofuata huharibu, kila nikimfokea aliyevuruga, safari inayofuata hufanya vizuri. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli kabisa. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Kijana aliyerusha vizuri kupita kawaida yake hiyo siku alikuwa na ustadi wake pamoja na bahati kidogo, na bahati haina ahadi ya kurudi kesho. Aliyevuruga kupita kawaida yake alikuwa na ustadi wake pamoja na mkosi. Kesho yake kila mmoja huelekea kwenye kawaida yake, afokewe asifokewe.

Usiku ule nilitoa daftari langu sandukuni nikatafuta mstari wa yule binti wa dawati la mwisho. Alama zake kwa majaribio kumi niliyoyaandika kikamilifu zilikuwa hivi: 13, 15, 19, 11, 15, 14, 12, 16, 14, 15. Nimeziandika hapa ili nawe uziangalie. Wiki ya tatu alipata 19, akapigiwa makofi. Wiki ya nne akapata 11, akaongoza walioshuka, akala viboko viwili. Wiki ya tano akapata 15, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Ameamka." Wastani wa wiki mbili za kabla ya ile 19 ni 14. Wastani wa wiki sita za baada ya viboko ni 14 na theluthi moja. Hakulala, hivyo hakuwa na haja ya kuamshwa. Nilimchapa kwa kosa la kuwa na bahati wiki iliyotangulia.

Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia neno lenyewe. Kwenye mijadala yetu ya usiku bwenini tulilitafsiri haraka: rigresheni ni "kurudi nyuma". Ukiwauliza vijana wengi waliosoma takwimu kwa Kiingereza watakupa jibu hilohilo. Nadhani tafsiri hiyo ni mbaya, na ubaya wake umetugharimu.

Ubaya ulianza na mwenye neno. Francis Galton, Mwingereza, alikusanya vimo vya watu wazima 928 kutoka familia 205 pamoja na vimo vya wazazi wao. Aligundua kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao. Na wazazi wafupi sana huzaa watoto wafupi, lakini si wafupi kama wao. Makala yake ya 1886 iliuita wastani kwa neno la dharau, kana kwamba kuufikia ni kuanguka. Galton ndiye pia aliyebuni, mwaka 1883, neno la Kiingereza la mradi wa kuboresha binadamu kwa kuchagua wazazi, mradi uliokuja kufanya maovu makubwa. Mtu aliyetaka kizazi kipande ngazi bila kukoma aliona watoto wa warefu wanakwenda kwenye kimo cha wengi, akasikitika. Akaliita jambo hilo kurudi.

Lakini data zake zina jambo jingine ambalo lilipaswa kumtuliza. Ukianza na watoto warefu sana ukapima wazazi wao, utakuta wazazi nao wako karibu zaidi na wastani kuliko watoto hao. Kama ni nguvu fulani inayovuta vizazi nyuma, basi nguvu hiyo ingebidi ivute pia kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, yaani muda utembee kinyumenyume. Hakuna anayevuta. Kuna kupima mara mbili tu, na mara ya kwanza tulimchagua mtu kwa sababu alikuwa mbali na wenzake.

Kwa hiyo nimejizoesha kuuliza maswali matatu kila ninapokutana na neno hili. Nini kinarudi? Kinarudi wapi, pazuri au pabaya? Na je, yuko aliyekirudisha? Nyanja mbalimbali huyajibu tofauti sana, na "kurudi nyuma" yetu huyafunika yote kwa blanketi moja.

Chukua tiba. Denis Burkitt, daktari aliyefanya kazi Uganda, aliueleza mwaka 1958 uvimbe wa saratani unaoshika taya za watoto wa Afrika, ambao leo una jina lake. Baadaye madaktari wa Uganda waliona uvimbe huo ukipungua upesi kwa dawa za sindano. Kwa Kiingereza cha kitabibu, huko kupungua ni rigresheni, na ni habari njema kuliko zote ambazo mama anaweza kuzisikia wodini. Sasa mtafsirie mama huyo neno kwa neno: "Uvimbe umerudi." Umemwambia kinyume kabisa. Ataelewa kwamba ugonjwa uliokuwa umekwisha umeanza upya, na ataanza kulia. Kiswahili kinalo neno sahihi, na muuguzi yeyote analijua: uvimbe umenywea.

Chukua jiolojia. Bahari inapopungua ikaacha nchi kavu, wanajiolojia nao husema rigresheni. Enzi ya barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takribani mita 120, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Katika pango la Kuumbi, kusini mashariki mwa kisiwa, watafiti wamekuta mifupa ya wanyama wa bara, pundamilia wakiwamo. Bahari ilipoteza, pundamilia wakapata malisho. Kama kulikuwa na kurudi nyuma, inategemea wewe ni samaki au ni punda. Na watu wa pwani wana kitenzi chao, kupwa, kisichomlaumu mtu. Hakuna anayesema bahari imezembea.

Chukua isimu, ambako neno hilo linanipendeza zaidi. Mbao ni wingi wa ubao. Kiambishi cha ngeli ile ni n-, lakini kikikutana na b kinageuka m, ndiyo maana hatusemi "nbao". Sauti inayokuja baadaye imeibadilisha iliyotangulia. Wanaisimu wetu huita hali hii usilimisho, na upande huu wake, wa athari kutoka mbele kwenda nyuma, wenzao wa Kiingereza huutaja kwa jina hilihili la kurudi. Hakuna kilichoharibika wala kushuka. Kinachorudi ni athari tu.

Kuna nyanja nyingine ambako lawama ina mahali pake. Fundi wa programu akirekebisha kitufe cha kulipia, kisha kitufe cha kutafuta kilichokuwa kizima kikafa, wenzake huita hiyo rigresheni, na wana haki ya kumtafuta aliyegusa. Tarehe ipo, na mstari wa msimbo upo. Hali kadhalika kodi. Julai 2021 serikali ilipoanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, kiwango kilianzia shilingi 10 na kuishia shilingi 10,000, hata kama fedha inayotumwa ni kubwa kiasi gani. Aliyetuma kidogo aliweza kukatwa sehemu kubwa ya hela yake kuliko aliyetuma mamilioni. Wachumi huiita kodi ya namna hiyo kwa jina la ukoo huuhuu, na hapa aliyeirudisha anajulikana, kwa sababu ni sheria iliyopitishwa na watu. Makelele yalipozidi ilipunguzwa.

Unaona basi kwamba swali la tatu, la nani amekirudisha, ndilo linalotenganisha nyanja hizi. Programu na kodi zina mtu. Bahari na sauti hazina. Alama za Jumatatu zina mtu nyakati nyingine, na mara nyingi hazina, na hapo ndipo Kiswahili changu kilipoponzwa na kitenzi chake chenyewe. Kwa kuwa kurudi na kumrudi ni neno moja, kila mtoto aliporudi nilihisi kwamba kuna aliyemrudi, na huyo ni mimi. Mzungumzaji wa Kiingereza ana kosa hilohilo la kufikiri, yule mkufunzi wa marubani alilifanya bila kujua Kiswahili. Sisi tumelitengenezea kitenzi.

Lakini lugha iliyonitega ndiyo pia iliyokuwa na tiba, na ilikuwa kwenye methali niliyoiandika kwenye insha tangu shule ya msingi bila kuielewa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi wa Mvumi tumekulia kwenye mahindi na mpunga. Tezi, omo na ngama nilivikariri kama majina ya watu nisiowajua. Siku moja, nikiwa Bagamoyo, nilimwomba baharia anionyeshe. Tezi ni nyuma ya chombo. Omo ni mbele. Ngama ni tumboni, katikati. Methali inasema anayekwenda hadi mwisho wa nyuma na anayekwenda hadi mwisho wa mbele, wote hurejea katikati. Wazee waliitumia kumwonya mwenye kutangatanga kwamba mwisho wake ni nyumbani, na sidai kwamba walikuwa wakifikiria vimo vya Waingereza. Ila tazama picha yenyewe. Ina ncha mbili, wakati "kurudi nyuma" ina ncha moja tu. Inamrejesha aliyepanda sana na aliyeshuka sana kwa pumzi moja. Haimdharau anayerejea. Na nahodha hamfukuzi mtu ngamani kwa fimbo, kwa sababu ndiko shehena iliko na ndiko kila mtu anakoishia.

Pendekezo langu kwa wanaotafsiri vitabu vya takwimu ni hili: ile rigresheni ya Galton iitwe marejeo ngamani. Kama ni ndefu mno, marejeo peke yake yatosha, mradi mwalimu aisimulie methali siku ya kwanza. Uvimbe unywee, bahari ipwe, na kurudi nyuma tuwaachie wale ambao kweli wamerudishwa nyuma na mtu.

Nasema hivyo kwa tahadhari, kwa sababu somo hili nalo linaweza kugeuzwa kichaka. Si kila kushuka ni marejeo ngamani. Matokeo yale ya 2012 hayakuwa mkosi wa Jumatatu moja. Serikali iliyafuta na kuagiza yapangwe upya Mei 2013, na mjadala wa nchi nzima juu ya walimu, vitabu na namna ya kupanga madaraja ulikuwa wa haki. Mtoto anayeshuka wiki nane mfululizo ana jambo, na mwalimu asiyemuuliza amemtelekeza. Marejeo yanahusu kile tulichokichagua kwa sababu kilikuwa kwenye ncha, kisha tukakipima tena. Fikiria orodha za shule kumi bora ambazo NECTA iliacha kuzitangaza mwanzoni mwa 2023. Watu walibishana sana juu ya uamuzi ule. Mimi naongeza hoja moja kwenye mabishano: shule iliyofika kwenye kumi bora ilifika kwa ubora pamoja na bahati, na mwaka uliofuata bahati ikipungua, mkuu wa shule aliitwa na wazazi kueleza "ameharibu wapi". Wale wa mkiani nao walipopanda kidogo, mkaguzi aliyewafokea aliondoka akiamini amewaokoa. Na ndani ya shule zote hizo, kwenye dawati la mwisho, kulikuwa na mtoto aliyelipia hesabu hiyo.

Nirudi kwenye benchi.

Yule mtoto wa miaka mitatu alikuwa na kidole gumba mdomoni. Mama yake alikitoa. Mtoto akakirudisha. Akakitoa tena, safari hii akamfinya kidogo, akanieleza kwa aibu: alikuwa ameacha kunyonya kidole kitambo, alikuwa ameacha hata kukojoa kitandani, lakini tangu mdogo wake azaliwe amerudia yote. "Amerudi nyuma kabisa, mwalimu. Nataka nimrudi mapema, samaki mkunje angali mbichi."

Sigmund Freud ana mfano juu ya hali hii ambao mtu wa Kilosa anauelewa upesi kuliko mtu wa Vienna, kwa kuwa njia za misafara na baadaye reli zilipita kwetu. Anasema ukuaji wa mtu ni kama watu wanaohama, ambao kila kituo huacha baadhi ya wenzao. Wa mbele wakikutana na adui mkali, hurudi kwenye kituo walikowaacha wenzao wengi. Mtoto aliyenyang'anywa mgongo wa mama amekutana na adui mkali. Amerudi kituo cha nyuma kwa sababu huko alikuwa salama, na hukaa huko hadi aone njia imefunguka. Bibi zetu walisema kwa ufupi zaidi: mtoto anadeka, mbebe.

Nikamwambia: "Mwache wiki chache, mama. Mbebe na yeye, hata kama mkubwa. Atarudi mwenyewe."

"Mbona mimi nisingerudi bila fimbo?"

Ningeweza kunyamaza. Gari lilikuwa bado halijaonekana, na shukrani yake ilikuwa imenistarehesha kidogo, siwezi kukataa. Lakini fimbo yangu ya 2013 ilikuwa inakaribia kumfikia mtoto ambaye wakati ule hakuwa amezaliwa. Nikamwambia habari za daftari. Nikamtajia alama zake, ninazijua kwa moyo. Nikamwambia kuhusu 19 na 11, na kwamba kabla ya fimbo alikuwa mtoto wa 14 na baada ya fimbo akawa mtoto wa 14.

Alisikiliza akiwa ameangalia barabarani. Mgongoni mtoto mchanga alijinyoosha, akampigapiga taratibu bila kugeuka.

"Kwa hiyo ulinichapa bure."

"Bure kabisa. Naomba unisamehe."

Alinyamaza kwa muda ambao niliuona mrefu. Kisha akasema, bila hasira, "Bora ungeniacha na shukrani zangu, mwalimu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kila mtu anayo hadithi ya namna alivyofika hapo alipo, na mimi nilikuwa nimeitoa kwenye yake nguzo moja, nikaacha paa linaning'inia.

Gari likatokea kwenye kona, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Nikamuaga, naye akaniaga kwa adabu ileile ya darasa la sita. Nilipokaa kiti cha dirishani niliwaangalia. Mtoto alikuwa amekirudisha kidole mdomoni. Mama yake alikiona, akamwinamia, akamshika mkono mwingine. Kile kidole hakukitoa.